Ardhi Iliyotokana na Taka: Historia ya Kata ya Koto, Tokyo

Kila nyumba ina mbele yake na nyuma yake. Mbele pana baraza, mahali pa kupokelea wageni. Nyuma pana ua, mahali pa jiko, kisima, kuni na jalala. Mgeni huisifu nyumba kwa baraza yake, lakini mwenye nyumba ajua ya kuwa pasipo ua baraza haikai safi hata siku moja. Miji mikubwa ina desturi iyo hiyo. Tokyo, mji mkuu wa Japani, umesifiwa sana kwa ngome yake ya kale, mabenki yake na maduka yake. Ila kwa muda wa miaka mia tatu na zaidi ua wa mji huo ulikuwa ng'ambo ya mto Sumida, katika nchi ya tope na mifereji ambayo leo huitwa kata ya Koto. Makala haya yaeleza jinsi nchi hiyo ilivyofanywa kwa mikono ya watu, jinsi ilivyobebeshwa mizigo ya mji mzima, na jinsi wenyeji wake walivyofika siku ya kusema kwamba mzigo wa wote haustahili kutwikwa kichwa kimoja.

Tokyo ina kata maalumu 23, na leo kila kata ina meya wake na baraza lake la madiwani. Koto ni mojawapo. Magharibi yake ni mto Sumida. Mashariki ni mto Arakawa. Kaskazini yapakana na kata ya Sumida. Na kusini yaelekea maji ya Ghuba ya Tokyo. Eneo lake lapata kilomita 43 za mraba, na wakazi wake wazidi 500,000. Hapana kilima wala mwamba. Nchi yote ni sawasawa kama mkeka, imekatwakatwa na mifereji iliyonyooka, na sehemu kubwa yake iko chini kuliko maji ya bahari yanapojaa. Mtu asimamapo kando ya mfereji katika upande wa mashariki wa kata hiyo huona ukuta mbele yake, na nyuma ya ukuta huo maji yamesimama juu kuliko barabara anayoikanyaga.

Jina Koto hufahamika kwa maana ya mashariki ya mto. Ni jina la juzi tu, kwa kuwa kata hiyo ilizaliwa tarehe 15 Machi 1947, zilipounganishwa kata mbili za zamani, Fukagawa na Joto. Fukagawa ni kongwe zaidi. Mwaka 1590 Tokugawa Ieyasu, aliyekuja kuwa Shogun, yaani jemadari mtawala wa Japani, aliingia Edo, jina la zamani la Tokyo. Wakati huo mashariki ya mto Sumida palikuwa na vinamasi, matete na visiwa vya mchanga vilivyofunikwa na kufunuliwa kwa kujaa na kupwa. Mapokeo ya wenyeji yasema kwamba mtu mmoja, Fukagawa Hachiroemon, alifika na watu wake kutoka magharibi ya Japani akaanza kufyeka matete na kukausha tope. Ieyasu alipopita akauliza jina la mahali hapo. Akajibiwa kuwa hapana jina, kwa sababu hapana watu. Basi akaamuru paitwe kwa jina la huyo aliyepafyeka. Kisa hiki, kiwe kweli tupu au kimepambwa na wasimulizi, chadokeza jambo moja lililo hakika: nchi hiyo haikupata jina mpaka ilipopata jasho.

Kazi ya kwanza ya watawala ilikuwa kuchimba mfereji wa Onagi, unaonyooka toka mashariki hata magharibi. Sababu yake ilikuwa chumvi. Ngome ya Edo haikuweza kuishi bila ya chumvi, na chumvi ilipikwa Gyotoku, pwani ya mashariki. Mashua zilizopita bahari ya wazi zilihatarishwa na mawimbi na mafungu ya mchanga. Zilizopita mferejini zilikwenda salama. Baada ya chumvi zikafuata mashua za mpunga, mboga, samaki na mbolea. Hivyo nchi ambayo haikuwa na kitu ikawa njia ya riziki ya mji wote.

Mji ukakua, na pamoja na watu zikakua taka. Watu wa Edo walikuwa wakitupa taka viwanjani na mitoni hata mikondo ikaziba na mashua zikakwama. Mwaka 1655 serikali ya Shogun ilitoa amri kwamba taka zisitupwe tena mitoni, bali zipakiwe mashuani zikatupwe pwani ya Eitai, katika Fukagawa. Amri hiyo ndiyo msingi wa mambo yote yaliyofuata. Kwa macho ya watawala ilikuwa hekima iliyoua ndege wawili kwa jiwe moja: mji ulisafishwa, na bahari ikafukiwa ikawa ardhi mpya. Majivu, vigae vilivyovunjika, udongo uliochimbwa mifereji na mabaki ya nyumba zilizoungua vilishindiliwa topeni, na juu yake yakapandwa mashamba, kisha zikajengwa nyumba. Ni nadra kuona mji uliofanya jalala lake kuwa kitongoji chake kwa mpango ulio wazi namna hiyo, na kuudumisha karne baada ya karne.

Miaka miwili baada ya amri ile, mwaka 1657, moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya Edo, na waliokufa hukisiwa kufikia 100,000. Mojawapo ya mafunzo ya msiba huo lilikuwa kwamba kurundika magogo na mbao katikati ya mji ni kama kumwekea moto akiba ya chakula. Maghala ya mbao yakaondolewa mjini, na mwanzoni mwa karne ya kumi na nane biashara hiyo ilikuwa imekwisha kukaa Kiba, katika Fukagawa. Jina lenyewe maana yake ni mahali pa miti. Magogo yaliletwa kwa bahari yakaelezwa katika mabwawa ya maji, na wafanyakazi wakayapanga kwa kusimama juu yake na kuyaviringisha kwa nyayo, ufundi ambao hata leo huonyeshwa katika sherehe. Kila Edo ilipoungua, na iliungua mara nyingi, matajiri wa Kiba walipata faida; maana mji wa miti huwa hauna budi kurudi kwa muuza mbao. Mahekalu nayo yalihamishwa kutoka katikati ya mji yakapewa ardhi huku, na pamoja nayo makaburi. Kwa hiyo Fukagawa ikapokea vitu vitatu ambavyo baraza haikuvitaka: taka, hatari ya moto, na wafu.

Lakini ua si mahali pa taka tu. Ndiko pia vicheko vya nyumba vilipo. Hekalu la Hachiman la Tomioka, lililoanzishwa mwaka 1627 juu ya kisiwa cha Eitai, lilikuwa kitovu cha maisha ya watu wa Fukagawa, na katika uwanja wake michezo ya mieleka ya sumo iliruhusiwa rasmi mwaka 1684. Mwaka 1680 mshairi Matsuo Basho aliuacha mji akaja kukaa katika kibanda kando ya mto. Mwanafunzi wake alimpandia mgomba mlangoni, naye akachukua jina la mmea huo, kwa kuwa basho maana yake ni mgomba. Na ni kutoka Fukagawa alikoanza, mwaka 1689, safari yake mashuhuri ya kaskazini. Mwaka 1800 Ino Tadataka, mkazi wa hapo mwenye umri wa miaka 55, alitoka kupima pwani za Japani, na kutoka katika kazi yake ikapatikana, mwaka 1821, ramani ya kwanza ya nchi nzima iliyopimwa kwa elimu. Kitongoji kilichojengwa juu ya vigae vilivyovunjika kilizaa lugha na elimu ambazo baraza ilijivunia.

Pamoja na hayo, wenyeji walikumbushwa mara kwa mara mahali pao katika hesabu ya watawala. Daraja la Eitai lilijengwa mwaka 1698 kuunganisha Fukagawa na mji. Ilipofika mwaka 1719, serikali, kwa upungufu wa fedha, iliazimia kulivunja. Watu wa mitaa wakaomba lisivunjwe, wakakubaliwa kwa sharti kwamba matengenezo yawe juu yao. Wakalichanga na kulitengeneza kadiri ya uwezo wao. Mwaka 1807, siku ya sikukuu ya Hachiman iliyokuwa haijafanywa kwa miaka mingi, umati ulimiminika toka mjini, na daraja likakatika. Waliokuwa nyuma, wasijue lililotukia mbele, waliendelea kusukuma, na mamia ya watu wakaanguka mtoni wakafa. Mtu husema daraja lilivunjwa na uzito wa watu. Lakini mwenye kufuata mambo tangu mwanzo ataona lilianza kuvunjika siku lilipoachwa bila mlezi.

Katika enzi ya Meiji, iliyoanza mwaka 1868, mashua za chumvi zilipisha meli za makaa. Ardhi ya bei nafuu, mifereji ya kupitisha mizigo na ukaribu wa mji viliwavuta wenye viwanda. Mwaka 1875 kiwanda cha serikali huko Fukagawa kilifaulu kutengeneza saruji ya kwanza ya namna ya kisasa katika Japani, na mwaka 1887 iliundwa kampuni ya mbolea ya viwandani iliyojenga kiwanda chake karibu na mfereji wa Onagi. Mashariki zaidi, katika Kameido, palikuwa na bustani ya miti ya plamu ambayo Hiroshige aliichora mwaka 1857, na mchoro huo Van Gogh akauiga kwa rangi za mafuta mwaka 1887. Mafuriko makubwa ya mwaka 1910 yaliiua miti hiyo, na bustani ikafungwa. Sanamu yake ikabaki Ulaya. Shina lake halikubaki Kameido.

Mafuriko hayo ndiyo yaliyoifanya serikali ichimbe mto mpya. Kazi ya njia ya maji ya Arakawa ilianza mwaka 1911. Maji yakaingizwa mwaka 1924, na kazi ikakamilika mwaka 1930. Urefu wake wapata kilomita 22, na upana wake mita 500. Miongoni mwa wahandisi wake alikuwa Aoyama Akira, aliyepata kufanya kazi katika ujenzi wa Mfereji wa Panama. Jamaa zipatazo 1,300 zilihamishwa ili mto upate njia. Mto huo umeikinga Tokyo hata leo. Na kwa kuchimbwa kwake nchi ya Koto ilikaa katikati ya mito miwili, mmoja wa Mungu na mmoja wa watu.

Kabla kazi hiyo haijakwisha lilikuja tetemeko la ardhi la tarehe 1 Septemba 1923. Tokyo na miji ya jirani ilipoteza watu wapatao 105,000, na wengi wao waliuawa na moto uliofuata. Fukagawa karibu yote iliteketea. Katika siku hizo za giza uvumi wa uongo dhidi ya Wakorea ulienea upesi kuliko moto wenyewe, na Wakorea wengi wakauawa. Katika Ojima waliuawa vibarua wa Kichina, na katika Kameido viongozi kumi wa vyama vya wafanyakazi waliuawa mikononi mwa askari. Kifusi cha mji ulioanguka kilichukuliwa kikatupwa baharini kusini ya Fukagawa, na hivyo ndivyo visiwa kama Toyosu vilivyoanza kuinuka. Maangamizi yenyewe yakageuzwa kuwa ardhi.

Miaka 22 baadaye moto ulirudi kutoka angani. Usiku wa tarehe 10 Machi 1945 ndege za Marekani zipatazo 300 zilimwaga mabomu ya moto juu ya upande wa mashariki wa Tokyo. Watu wapatao 100,000 walikufa kwa usiku mmoja, na zaidi ya milioni moja wakakosa makao. Fukagawa na Joto zilikuwa katikati ya shabaha. Mifereji iliyowalisha wenyeji kwa miaka mia tatu haikuwaokoa. Waliojitosa humo walikufa kwa baridi, kwa kuzama au kwa kukosa hewa, kwa kuwa moto ulipita juu ya maji. Mpango wa jiji wa kujenga jumba la ukumbusho ulisimamishwa mwaka 1999. Basi watu wenyewe, wakiongozwa na mwandishi Saotome Katsumoto, walichanga fedha wakafungua jumba dogo la historia ya mashambulio hayo huko Kitasuna, katika Koto, mwaka 2002. Lile lililofanywa kwa daraja la Eitai likafanywa kwa kumbukumbu.

Hapa yafaa kueleza ugonjwa wa ardhi yenyewe, kwa sababu haukuonekana kwa macho. Wakati taka zilipokuwa zikiongezwa juu, viwanda vilikuwa vikinyonya maji kwa chini, na baadaye gesi iliyochanganyika na maji hayo. Tope lililopoteza maji hubana kama sifongo likaminywa. Vipimo vilivyoanza mwaka 1918 vyaonyesha kwamba katika Minamisuna ardhi ilishuka zaidi ya mita nne, nacho chazidi kimo cha watu wawili, mmoja juu ya mabega ya mwingine. Viwanda viliposimama mwishoni mwa vita kushuka nako kulikoma kwa muda, na viwanda vilipofufuka kukaanza tena. Ushahidi ulio bora kuliko huo haupatikani. Sheria ya mwaka 1956 ilianza kuzuia uchotaji, na mwaka 1972 serikali ya jiji ilinunua haki za kuchimba gesi na kuzima visima vyake. Ugonjwa ukakoma, lakini ardhi iliyoshuka hairudi ilipokuwa. Kwa hiyo maji ya mifereji ya upande wa mashariki yamewekwa chini kwa pampu mchana na usiku, na katika mfereji wa Onagi palijengwa malango ya Ogibashi, yaliyokamilika mwaka 1976, ambamo mashua hufungiwa kati ya milango miwili, ikapandishwa au kuteremshwa, kisha ikafunguliwa njia.

Ilhali nchi yashuka, taka hazikupungua. Mwaka 1957 jiji lilianza kumwaga taka katika kisiwa kilichofukiwa kilichoitwa Yumenoshima, maana yake Kisiwa cha Ndoto. Kabla ya vita kilikusudiwa kuwa uwanja wa ndege, na baada ya vita kilikuwa pwani ya kuogelea kwa muda mfupi. Ndoto hizo zikafunikwa kwa mabaki ya chakula. Julai 1965 mainzi yasiyo na idadi yaliruka kutoka kisiwani yakavamia nyumba na shule za Minamisuna, hata ikawa lazima kuuchoma mlima wa taka kwa mafuta. Kisiwa kilipojaa mwaka 1967, magari ya taka yalikwisha hamia kisiwa kingine mbele yake. Kila siku magari yapatayo 5,000 yalipita barabara za Koto, yakidondosha maji machafu na kuacha harufu isiyotoka nguoni.

Basi mwaka 1971 jiji lilipotaka kuongeza muda wa kumwaga taka, Baraza la Koto lilikataa. Liliziandikia kata nyingine likiziuliza zina mpango gani na taka zao wenyewe. Tarehe 28 Septemba mwaka huo Gavana Minobe Ryokichi alitangaza kwamba Tokyo imo katika vita vya taka. Shauri la Koto lilikuwa na misingi miwili: kila kata ishughulikie taka zake ndani ya mipaka yake, na adha isiyoepukika igawanywe sawasawa. Wakati ule ule, katika kata ya Suginami, upande wa magharibi wenye nafasi zaidi, wakazi walikuwa wakipinga kujengwa kwa tanuri la kuchomea taka katika Takaido. Hoja zao hazikuwa za upuuzi, kwa kuwa walilalamika kwamba mahali hapo pamechaguliwa bila ya kushauriwa. Lakini watu wa Koto waliuliza: ikiwa moshi haufai Takaido, je, mainzi yafaa Minamisuna? Mwezi Mei 1973 meya wa Koto, Komatsuzaki Gunji, pamoja na madiwani, walisimama barabarani wakayarudisha magari ya Suginami. Taka zikarundikana katika mitaa iliyozizalisha, na watu wakazinusa. Mwaka 1974 mapatano yalifikiwa, na tanuri la Takaido likakamilika mwaka 1982.

Kisiwa cha Ndoto kilifunikwa kwa udongo kikapandwa miti, na bustani yake ikafunguliwa mwaka 1978. Ndani yake mna nyumba ya kioo ya mimea ya nchi za joto, na joto lake latoka katika tanuri la taka lililo jirani. Mna pia merikebu ya uvuvi ya mbao, Daigo Fukuryu Maru, iliyonyeshewa majivu ya bomu la Marekani lililojaribiwa Bikini tarehe 1 Machi 1954. Merikebu hiyo nayo ilitupwa kisiwani mwaka 1967 kama taka, mpaka wananchi walipoitambua na kuitetea. Tangu mwaka 1976 ina jumba lake. Mwaka 2018 soko kuu la samaki lilihamia Toyosu, nchi ambayo udongo wake ulihitaji kusafishwa kwa sumu iliyoachwa na kiwanda cha gesi. Na kata za Koto na Ota zilifika mahakamani kugombea visiwa vya mwisho vya taka. Koto ilidai kwamba imevumilia magari ya taka kwa vizazi. Ota ilidai kwamba maji hayo yalikuwa mashamba ya mwani ya wavuvi wake. Mwaka 2019 mahakama iliipa Koto karibu sehemu nne katika tano. Kilichokimbiwa na wote jana, leo chagombewa.

Hata hivyo hesabu haijafungwa. Mwaka 2018 kata tano za mashariki, Koto ikiwamo, zilitangaza ramani ionyeshayo kwamba tufani kuu ikigongana na mafuriko ya mito yaweza kuzamisha makao ya watu wapatao milioni mbili na nusu, na zikawashauri watoke mapema waende kata na mikoa mingine. Swali la mwaka 1971 limerudi kwa sura nyingine. Wakati ule Koto iliuliza ni nani atakayepokea taka zake mwenyewe. Maji yakija, itauliza ni nani atakayewapokea watu wake. Jibu la swali la kwanza lilichukua miaka zaidi ya mia tatu kupatikana, na halikupatikana mpaka watu waliposimama barabarani. Maji hayana subira ya namna hiyo, na mji ulio na busara hujibu swali la uani kabla baraza haijalowa.